RAM imeandikwa 3200 lakini mashine inasoma 2133? Fanya hivi

Kuna dogo alikuja kwangu na mashine yake analalamika kapigwa, kanunua RAM mbili za 8GB zimeandikwa spidi 3200 lakini Windows inasoma 2133, na alishaenda mpaka dukani kugombana. RAM zilikuwa nzima kabisa. Hakuna tu aliyemwambia kwamba ile 3200 haiji yenyewe, unaiwasha. Mashine ikiwaka mara ya kwanza inachukua spidi ya usalama iliyoandikwa kwenye kachipu kadogo ka RAM yenyewe, kwa RAM za aina ya DDR4 mara nyingi ni 2133, 2400 au 2666 kwa volti 1.2. Spidi ya kwenye boksi nayo imo humohumo ila imekaa pembeni kama profaili, mara nyingi inataka volti 1.35, na mazabodi (ile bodi kuu ya mashine) haiigusi mpaka useme wewe.

Hatua ya 1: angalia unasoma ngapi
Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance halafu Memory, tazama palipoandikwa Speed. Ukitumia programu ya CPU-Z usishtuke ukikuta 1600, RAM za DDR zinapitisha data mara mbili kila mpigo kwa hiyo zidisha kwa mbili.

Hatua ya 2: jua mashine yako inaruhusu nini
Hapa ndo hela za watu zinapotea. Zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk used tunazonunua, BIOS zake (ile menyu ya mipangilio kabla Windows haijawaka) hazikupi nafasi ya kuwasha hiyo profaili, spidi inaamuliwa na prosesa: i5-6500 mwisho 2133, i5-7500 mwisho 2400, i5-8500 mwisho 2666. Ukichomeka ya 3200 itafanya kazi vizuri tu ila itashuka, sasa si bora ungenunua ya bei chee. Mazabodi za Intel za H410 na B460 nazo hazivuki kikomo cha prosesa, B560 ndo zikaanza kuruhusu. Upande wa AMD, B450 na B550 huna stresi.

Hatua ya 3: sloti
Zima, chomoa waya ukutani. Kama una sloti nne na RAM mbili, weka ya pili na ya nne ukihesabu kuanzia kwenye prosesa. Ukichanganya ya 3200 na ya 2400 zote zitatembea mwendo wa ile ya polepole. Na niseme ukweli, RAM mbili za 8 zinazofanana zitakusaidia kuliko moja ya 16 yenye spidi kubwa, hasa kama huna kadi ya grafiki na unacheza gemu kwenye kitu kama Ryzen 5 5600G, maana grafiki yake inakula RAM hiyohiyo. Kama kazi yako ni kuchapa barua tu hutaona tofauti yoyote, acha kujisumbua.

Hatua ya 4: ingia BIOS
Washa huku unagongagonga Delete au F2. Tafuta XMP, ndo ile profaili yenyewe, jina linabadilika kidogo, kwenye ASUS za AMD utakuta DOCP, MSI za AMD ni A-XMP, na kwenye DDR5 za AMD ni EXPO. Chagua Profile 1, bonyeza F10, kubali. Usianze kuchezea volti kwa mkono, profaili inaziseti yenyewe.

Sasa tulia. Inaweza kuzima na kuwaka mara mbili tatu, na DDR5 mara ya kwanza skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa inajipima, kuna watu wanakata umeme hapo katikati halafu wanasema mazabodi imekufa.

Hatua ya 5: ikigoma
Nyingi zinarudi zenyewe kwenye spidi ya mwanzo. Isiporudi chomoa waya, toa ile betri ndogo ya duara ya CR2032 kwenye mazabodi kama dakika tano, rudisha. Halafu washa tena profaili ila shusha spidi peke yake iwe 3000 au 2933, ujaribu.

Hatua ya 6: ipime, usiruke hii
Windows kuwaka siyo ushahidi. RAM isiyotulia inaharibu mafaili kimyakimya, utakuja kugundua baadaye zipu haifunguki au skrini ya bluu inakuja bila sababu. Weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, iache usiku mzima imalize mizunguko yake minne. Kosa hata moja, shusha spidi.

Ukija kuona siku moja umeme ulikatika na asubuhi RAM imerudi 2133, angalia saa ya kompyuta. Kama nayo imerudi miaka ya nyuma basi ile betri imeisha, nunua nyingine urudie hatua ya 4.