Kukadiria uhai wa mgonjwa mahututi mwenye sepsisi kwa alama za SOFA

Sepsisi ni hali ambayo maambukizi huvuruga viungo vya mwili, na SOFA ni alama zinazoonyesha viungo hivyo vimeshindwa kwa kiasi gani. Chukua chati ya saa 24 za kwanza na utafute thamani mbaya kuliko zote ya kila kiungo, si ya mwisho wala ya wastani. Viungo ni sita: mapafu, damu, ini, moyo na mishipa, ubongo, figo. Kila kimoja hupewa alama 0 (kizima) hadi 4 (kibaya zaidi), kisha zinajumlishwa.

Mapafu ndiyo yenye makosa mengi. Gawa shinikizo la oksijeni ya damu ya ateri, kwa mmHg, kwa kiwango cha oksijeni anachovuta. Asilimia 60 iandike 0.6. Mwenye shinikizo la 72 anapata 72 ÷ 0.6 = 120. Chini ya 400 ni alama 1, chini ya 300 ni 2, chini ya 200 ni 3, chini ya 100 ni 4. Lakini 3 na 4 ni za anayesaidiwa kupumua na mashine tu. Kama hakuna kipimo cha gesi za damu, gawa asilimia ya oksijeni inayosomwa na kifaa cha kidoleni kwa kiwango hicho hicho anachovuta: 315 hulingana na 300, na 235 hulingana na 200. Kifaa kikisoma zaidi ya 97 njia hii haifai, maana hapo usomaji haupandi tena hata oksijeni ya damu ikiongezeka sana.

Kwa moyo, presha ya wastani ya ateri iliyo chini ya 70 mmHg bila dawa ni alama 1. Noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, hadi mikrogramu 0.1 kwa kilo kwa dakika ni 3, zaidi ya hapo ni 4. Miligramu 4 ndani ya mililita 50, pampu ikienda mililita 6 kwa saa, ni mikrogramu 8 kwa dakika. Mgonjwa wa kilo 60 anapata 0.13, yaani alama 4; wa kilo 85 anapata 0.094, yaani 3. Kwa hiyo mpime uzito, usikisie.

Kwa damu, hesabu chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, kwa kila mikrolita: chini ya 150,000, 100,000, 50,000 na 20,000 ni alama 1 hadi 4. Alama 1 hadi 4 za bilirubini, kipimo cha ini, huanzia 1.2, 2, 6 na 12 mg/dl; za kreatinini, kipimo cha figo, 1.2, 2, 3.5 na 5. Maabara ikitoa majibu kwa mikromoli kwa lita, gawa kreatinini kwa 88.4 na bilirubini kwa 17.1. Mkojo chini ya mililita 500 kwa siku ni alama 3 hata kreatinini ikiwa nzuri; chini ya 200 ni 4. Kwa ubongo, pima fahamu kwa kipimo cha Glasgow, ambacho 15 ni fahamu kamili: 13–14 ni 1, 10–12 ni 2, 6–9 ni 3, chini ya 6 ni 4. Aliyepewa dawa ya usingizi, tumia kipimo cha kabla ya dawa. Ukipima sasa utampa alama za dawa, si za ugonjwa.

Kipimo kisichofanyika kiandike “hakikupimwa”. Ukikihesabu 0, mgonjwa ataonekana mzima kuliko alivyo.

Rudia baada ya saa 48, kwani mwelekeo una uzito kuliko jumla ya siku moja. Katika utafiti wa Brussels uliochapishwa mwaka 2001, alama zilipopanda ndani ya saa 48 angalau nusu ya wagonjwa walifariki. Ziliposhuka ndani ya saa 96 za kwanza, walifariki chini ya asilimia 27. Wale walikuwa wagonjwa mahututi wa kila aina, kwa hiyo msimpe ndugu asilimia kama hukumu, wala msizime mashine kwa sababu ya namba. Angalia pia laktati, asidi inayopanda katika damu tishu zinapokosa oksijeni: ikibaki juu ya 2 mmol/l baada ya mgonjwa kuwekewa maji ya kutosha mshipani, huku presha ya wastani ikihitaji dawa kufika 65, vifo huzidi asilimia 40.

Mwenye ugonjwa sugu wa figo au ini huanza na alama zake za zamani, hivyo hesabu ongezeko. Na siku ya kwanza ukitumia kifaa cha kidoleni kwa mapafu, siku ya tatu tumia hicho hicho; ukibadilisha njia, alama zinaweza kupanda au kushuka bila mgonjwa kubadilika.