Kuzunguka Malindi siku moja na mwenzio wakati wa kaskazi, bila jua kuwaangusha

Kila mwaka ikifika Januari mpaka Machi simu yangu haipumui, ndugu na marafiki wa bara, "tunakuja Malindi mimi na bibi yangu, siku moja tu, twende wapi?" na mimi kila mara nawauliza kwanza, mtatoka saa ngapi? Manake Malindi mahali pa kwenda si shida, shida ni saa. Pale pale ambapo saa mbili asubuhi ni raha tupu, saa saba mchana panaweza kukutoa roho. Kwa hivyo siku yenu ipangeni kwa kufuata kivuli, hiyo orodha mliyoitoa kwenye simu ije baadaye.

Hili nimelijua kwa uchungu. Bwanangu ni mtu wa Limuru, kazaliwa na kukulia kwa baridi na ukungu, na tulipokuwa tunachumbiana alikuja kunitembelea mwezi wa tatu, nami kwa furaha ya kumuonyesha kwetu nikamchukua moja kwa moja mpaka mnara wa Vasco da Gama, saa saba mchana. Pale kwenye ile ncha hakuna mti wa maana, ni jua, bahari na mwamba unaokurudishia moto usoni. Tukapiga picha tukacheka, alafu nikaona amenyamaza. Kumgusa shingo, ngozi ya moto na kavu, jasho limekata, na nikimuuliza kitu ananijibu kingine. Kijana mmoja wa madafu ndo alinisaidia kumshika mpaka kivulini, tukamlowesha kichwa, shingo na makwapa, nikampepea na leso yangu huku nalia, alafu tuktuk mpaka hospitali. Alipona siku ile ile alhamdulillahi, lakini ile hofu bado ninayo.

Sasa elewa jua la huku kwanza. Malindi iko digrii 3 na kitu kusini mwa ikweta, so katikati ya Machi jua linapita juu ya utosi kabisa, na halifiki juu saa sita kamili, linafika kama saa sita na nusu. Wakati huo kivuli chako kiko chini ya nyayo zako na hata ukuta mrefu haukusaidii kitu. Ndo maana nasema kuanzia saa tano mpaka saa tisa na nusu hamko nje, kwisha maneno.

Asubuhi amkeni na alfajiri, mnywe chai na mahamri na mbaazi lakini msijaze tumbo sana, alafu mpande matatu ya Watamu muende Gede, kwenye magofu ya mji wa kale, ni kama kilomita 16. Kitu kidogo ambacho watu hawakiwazi: mkitoka Malindi asubuhi jua liko upande wa bahari, yaani mkono wenu wa kushoto, kwa hivyo kaeni viti vya kulia. Mkishuka stage ya Gede chukueni boda ama tuktuk mpaka getini, mtembee kule ndani sio barabarani. Bebeni vitambulisho ndo mlipe bei ya wananchi, na simu iwe na chaji na salio manake malipo mengi siku hizi ni ya simu.

Gede naiweka asubuhi kwa sababu magofu yote yako ndani ya msitu. Ukivuka tu geti unasikia hewa imebadilika, ardhi ina majani yaliyooza, miti imepandia kuta za mji mpaka mizizi imeshuka kwenye milango kama mapazia, na kima wako juu wanawaangalia (msibebe ndizi mkononi, watachukua). Huu ulikuwa mji wa Waswahili wenyewe, watu wakaishi karne kwa karne mpaka mwanzo wa karne ya 17 wakauhama, na mwaka 2024 UNESCO wakauingiza kwenye urithi wa dunia. Msikimbie. Nendeni kwenye lile kaburi lenye tarehe, limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399, alafu msikiti mkuu, alafu jumba la sultani mkae humo hata nusu saa. Angalieni vyumba vilivyo vyembamba, ni kwa sababu upana wa chumba ulikuwa unafuata urefu wa boriti ya mkoko, na kuta ni nene za mawe ya matumbawe, jua likipiga nje ndani unabaki salama. Na msipite tu visima. Chungulieni kile cha karibu na msikiti mkuu, kilichimbwa kikaongezwa kina, na wapo watafiti wanaosema kukauka kwa maji ni moja ya mambo yaliyowahamisha wale watu. Mi kila nikisimama hapo namkumbuka mume wangu siku ile, na nakunywa maji hata kama sina kiu.

Hapo hapo Gede kuna Kipepeo, mradi ulioanza 1993, wakulima wa karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo na pupa wanauzwa nje. Kama muda upo ingieni, kama saa nne imefika rudini mjini.

Kuhusu maji na mavazi niseme vizuri kwa sababu hapa ndo wapendanao wengi wanaharibu siku. Kila mtu na chupa yake, ya lita moja na nusu, msishare chupa moja, manake mkishare kila mmoja anamuachia mwenzake na mwisho nyote mna kiu. Madafu kunyweni kila mkiyaona. Mwambie muuzaji akuchagulie la maji, mkimaliza akupasulie, akukatie kijiko kwenye ganda lenyewe mkombe ile nyama laini, ni chakula tosha cha saa tano. Soda na bia msizitegemee mchana. Kama mmoja ametokwa na jasho sana, lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo sita na chumvi nusu kijiko kidogo, vyote vya kusawazishwa, koroga anywe pole pole. Nguo ni pamba, pana. Dada zangu mnaovaa buibui, chagueni kitambaa chepesi na ndani vaeni dera la pamba, ile nailoni inapika mwili. Leso bebeni hata kama hamjifungi, utaiweka kichwani, utailowesha uizungushe shingoni, utaitandika chini. Na mwavuli, wanaume pia, hakuna aibu.

Na mkubaliane kabla hamjatoka: mmoja akisema "nimechoka", siku inasimama hapo hapo bila kubishana. Joto linafanya mtu awe mkali na anafikiri ni mwenzake amemkosea, kumbe ni kiu na njaa. Mkianza kugombana kwa jambo dogo kaeni kivulini mnywe maji kwanza ndo muendelee na maneno. Kichwa kikiuma, kizunguzungu au kichefuchefu, pumzikeni. Mtu akichanganyikiwa au jasho likikata huku mwili unawaka, hapo hakuna kusubiri, mpoozeni na maji mkielekea hospitali.

Mchana kuleni wali wa nazi na samaki wa kupaka sehemu yenye feni, juisi ya ukwaju, alafu laleni. Kweli laleni. Wenyeji wanafunga maduka wanaenda kuswali na kupumzika, na wenye mji wanaujua mji wao. Asiyelala aingie makumbusho, ile nyumba ya zamani yenye nguzo karibu na bahari, mkasome habari za twiga aliyetoka Malindi akafikishwa kwa mfalme wa China mwaka 1415. Tiketi ya hapo ulizeni kama inawaingiza pia kwenye kanisa la Wareno na mnarani, mtakakopita jioni.

Saa kumi ndo mtoke tena. Malindi bahari iko mashariki, so jioni jua liko mgongoni upande wa bara, na nyumba na minazi inaanza kumwaga kivuli upande wa ufukweni. Fuateni hicho kivuli kwa miguu. Anzeni makaburi ya nguzo pembeni ya Msikiti wa Ijumaa, mwende kwa heshima, hapo ni kwa watu na wafu wao, alafu kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti, ambapo watu wanamkumbuka Francis Xavier aliyepita Malindi 1542 akienda Goa. Mnarani mfike kama saa kumi na moja kabla hawajafunga. Vasco da Gama alitia nanga huku Aprili 1498, na ule msalaba wa juu ni wa jiwe lililotoka Lisbon. Saa hiyo mwamba umeanza kupoa, upepo wa kaskazi unavuma usoni, na mwenzio utamuona anatabasamu bila kukunja uso kwa jua. Bwanangu nilimrudisha pale miaka miwili baadaye, saa kumi na moja hii hii, akakaa kwenye ukingo akaniambia kumbe ni pazuri.

Marafa na yale mabonde yake ya Nyari msiyabane kwenye siku hii, ni udongo mtupu na hakuna kivuli, yatafutieni alasiri yake. Matumbawe ya hifadhi ya bahari pia yatafutieni siku yake, ila mkienda vaeni tisheti ndani ya maji, mgongo unaungua na husikii.

Usiku mishkaki, viazi karai, kahawa chungu na halwa. Na chumba mkichagua msitazame picha za kitanda, ulizeni dirisha linaangalia wapi. Kuta za huku zinakula jua mchana kutwa na usiku zinalitapika, so chukueni cha ghorofani, dirisha la upande wa bahari kaskazi iingie, feni inayofanya kazi muijaribu kabla hamjalipa, na neti isiyo na tundu.