Umekabidhiwa idara ya majitaka? Anzia kwenye chemba

Barua ya uteuzi ikishatoka, wa kwanza kubisha hodi watakuwa wenye mafaili: hati ya malipo ya mkandarasi, zabuni inayosubiri saini, makabrasha ya kikao cha bodi. Yapokee, kisha vaa buti utoke. Nimekuwa mhandisi wa mamlaka ya majisafi na usafi wa mazingira kwenye mji wa mkoa, hapa Tanzania, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na nakuambia kwa moyo wote: idara hii haiongozwi kutoka mezani. Karibu mali yake yote imefukiwa ardhini, na anayeijua ni fundi.

Kwa hiyo mtafute fundi mkongwe. Kila mamlaka inaye. Wa kwetu alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu, anayejua chemba ipi imefunikwa na lami kule sokoni na bomba lipi limekata kona ambayo mchoro hauioneshi. Nilimpa kijana mwenye kifaa cha GPS, wakatembea mtaa kwa mtaa, mzee anaelekeza, kijana anaandika. Kila chemba ilifunguliwa, ikapimwa kina na kipenyo cha mabomba, ikapigwa picha, ukaandikwa uelekeo wa maji. Mzee akiondoka kabla ya kazi hiyo, utayatafuta maarifa yake kwa kuchimbua barabara za watu.

Mkiwa pale, someni chemba yenyewe. Mchanga ukijaa chini, huenda mteremko ni mdogo na maji hayafiki kasi ya mita 0.6 kwa sekunde, ambayo ndiyo husukuma uchafu uende. Mafuta meupe yaliyoganda ukutani yanakupeleka moja kwa moja kwenye hoteli iliyo upande wa juu. Nenda ukague mtego wao wa mafuta. Kisha kwaruza zege kwa bisibisi, juu ya usawa wa maji. Gesi ya haidrojeni salfaidi inayotoka kwenye majitaka hugeuka asidi kwenye unyevu wa ukuta, hivyo bomba la zege huliwa kuanzia juu, mahali ambapo anayetazama maji tu hapaoni. Zege likimong'onyoka, andika bomba hilo kwenye bajeti kabla barabara haijatitia. Na mfuniko wa chuma ulioibwa ukauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, rudishia wa zege.

Sasa suala la watu kuingia chemba. Hapa naomba uwe mkali kuliko ulivyo kwenye jambo lingine lolote. Gesi hiyo ya haidrojeni salfaidi hunuka kama mayai viza, na mafundi wengi huamini kwamba harufu ikiisha hatari imeisha. Si kweli. Ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni, pua hufa ganzi. Fundi hasikii tena harufu, naye bado anaivuta. Weka kibali cha maandishi kwa kila chemba inayoingiwa. Fungueni chemba za jirani, hewa ipite. Shusheni kipima gesi kwa kamba, msome juu, katikati na chini, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5, au salfaidi ikifika sehemu 10 kwa milioni, au gesi ya kulipuka ikifika asilimia 10 ya kiwango chake cha chini cha kulipuka, hakuna anayeshuka. Anayeshuka afungwe mkanda wa mwili ulioshikizwa kwenye winchi ya miguu mitatu, na kipima gesi kiendelee kuwaka kifuani. Aliye juu haondoki, na hashuki kumfuata mwenzake hata akimwona ameanguka. Vifo vingi vya chembani huwa vya wawili watatu kwa sababu ya huruma hiyo. Anavutwa kwa winchi.

Siku moja majitaka yalikuwa yakitiririka mbele ya ukumbi uliokuwa ukisubiri mgeni mkubwa, na simu zinapigwa mfululizo. Kipima gesi kilikuwa kimeisha chaji. Msimamizi wa zamu akagoma kumshusha fundi, akaagiza kifaa kingine kutoka karakana. Nilipokea zile simu mimi, nikasema uamuzi ni wangu. Tangu hapo sikuhitaji kuhubiri usalama kwenye mkutano. Mafundi hutazama kiongozi anasimama na nani siku ya presha.

Chanjo ya homa ya ini B na pepopunda, bafu la kuogea kazini, nguo za kazi pea mbili na sabuni ya kuzifulia visiombwe kila mwaka kama hisani. Viwe na kifungu chake kwenye bajeti.

Kwenye mabwawa ya kutibu majitaka, fika mwenyewe asubuhi. Bwawa la kwanza, lenye kina kirefu na lisilo na hewa, huwa na rangi ya kijivu cheusi na linatoa mapovu. La pili linatakiwa kuwa kijani. Likigeuka waridi au zambarau, limezidiwa na uchafu. Kupima tope hakuhitaji mtambo: zungushia taulo jeupe kwenye mti mrefu, uzamishe wima hadi sakafuni, usubiri kidogo, uuvute taratibu. Alama ya tope itabaki kwenye taulo. Likifika theluthi ya kina cha bwawa la kwanza, liondolewe. Maji yanayotoka mwisho yana viwango vya kitaifa: BOD (oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu) miligramu 30 kwa lita, COD (oksijeni inayohitajika kuuunguza uchafu kwa kemikali) 60, yabisi zinazoelea 100. Matokeo ya maabara yasomwe na wahandisi, yasiishie kwenye faili la mazingira.

Usisahau kwamba wateja wako wengi hawajaunganishwa na bomba. Wanatumia vyoo vya shimo na makaro, na magari ya kunyonya ndiyo mtandao wao. Geti la mabwawa likifungwa mapema au foleni ikiwa ndefu, dereva atamwaga usiku kwenye mtaro au kwenye chemba yako. Kaa na madereva, panga nao saa. Na penye vilima na mawe, kama Mwanza, mabomba membamba yanayopita kati ya nyumba yamewafikia watu ambao mfumo wa kawaida usingewafikia. Usiukatae mradi wa namna hiyo kwa sababu tu haufanani na ulichosoma chuoni.

Manunuzi kupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, nayataja kwa kifupi: anza mapema, hasa vipuri vya pampu vinavyotoka nje.

Ukitaka fedha, peleka rejista. Andika kila mzibo: mtaa, namba ya chemba, sababu, saa zilizotumika. Mwisho wa robo mwaka, weka alama kwenye ramani. Vidoti vitajikusanya sehemu chache, na hapo ndipo pa kubadilisha bomba kwanza. Mkurugenzi akiuliza kwa nini mtaa huu na si ule, mpe mhandisi kijana aliyeandaa ramani hiyo aeleze mwenyewe mbele ya menejimenti.