Kabla hujawasha gari kukimbia kimbunga: mambo ya kuzingatia ukitoka Dar es Salaam kwenda kwa ndugu

Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilikuwa zimeshasimamishwa. Mvua ilipoanza kumwaga, barabara ya kusini ikakatika maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, mabasi na malori yakakwama pande zote mbili za maji. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mtu anayetaka kupakia familia na kwenda kwao ni kwamba kwao ni upande gani, na kati ya hapa na huko kuna mito mingapi. Mabegi yatafuata baadaye.

Kimbunga kinapata nguvu kwenye maji ya bahari yenye joto. Kikishaingia nchi kavu, upepo wake hupungua haraka. Kwa hiyo mwenye kwao Morogoro, Dodoma au Iringa anakwenda upande unaofaa. Mwenye kwao Kibiti, Kilwa, Lindi au Mtwara atakuwa anaifuata pwani ileile, na mara nyingi anakifuata kimbunga chenyewe, kwa kuwa vingi hutusogelea kutoka kusini na mashariki. Huyo namshauri kwa moyo wote asiende, hata kama mama anapiga simu akilia. Amweleze kwa upole kwamba atakuja njia ikifunguka. Mwenye kwao Tanga asikilize kwanza utabiri unasema kimbunga kinaelekea wapi, maana hata akizunguka kupitia Chalinze na Segera, mwisho wa safari yake ni baharini tena.

Bara nako si salama moja kwa moja. Upepo ukifa, mvua hubaki, na mvua ndiyo inayovunja barabara. Machi 2020 daraja la Kiyegeya, kati ya Morogoro na Dodoma, lilisombwa na maji ya mvua za kawaida tu, bila kimbunga chochote, na njia kuu ya kwenda bara ikasimama. Ukitoka Dar unavuka Ruvu baada ya Mlandizi. Ukipita Morogoro kuelekea Dodoma unavuka Wami pale Dakawa. Anayetoka Tegeta au Bunju akaamua kukwepa foleni kwa kupita Bagamoyo hadi Msata, akumbuke kwamba njia ile inakatiza bonde la Ruvu chini, na bonde hilo hufurika. Uwe na namba ya mtu anayeishi karibu na kila mto unaouvuka, umuulize asubuhi ya safari maji yamefika wapi.

Sasa saa ya kuondoka. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa taarifa zake kwa ngazi: angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Wengi husubiri ngazi ya mwisho, tena waone mnazi umeinama kwa macho yao. Aprili 2021 tuliambiwa Kimbunga Jobo kinakuja, kikadhoofika kabla ya kutufikia, na tangu hapo utasikia watu wakisema wale wa hali ya hewa wanatutisha. Hawatutishi. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha mikarafuu na minazi na kuzamisha meli bandarini. Mwaka 1952 kingine kikaipiga Lindi. Sisi tupo karibu na ikweta, kwa hiyo vimbunga hutufikia mara chache, lakini uchache huo haumlindi aliyepo siku ile.

Msimamo wangu ni huu: kama unaondoka, ondoka wakati jua bado linawaka na majirani wanakushangaa. Saa kumi na moja alfajiri barabara ya Morogoro inapitika, na Chalinze, kilomita zipatazo 100, utafika mapema na kuendelea hadi Morogoro mchana mweupe. Ukingoja mvua ianze, Jangwani itafungwa, Ubungo hadi Mbezi itajaa magari, na utajikuta usiku kwenye mvua na watoto nyuma, kati ya malori, huoni mstari wa barabara. Wakazi wa Kigamboni wasiweke matumaini kwenye pantoni siku ya upepo, wapange kupita Daraja la Nyerere. Na kama saa imeshapita, upepo umeshaanza, safari imekwisha kabla haijaanza. Baki.

Kubaki hakuna maana ya kubaki kitandani kwako. Kwa mtu wa Jangwani, Mkwajuni au Kigogo, hatari kubwa ni mto Msimbazi. Huyo hahitaji kufika Dodoma. Anahitaji kwenda kwa shangazi yake Kimara au Pugu, juu, kwenye nyumba ya tofali yenye paa lililofungwa vizuri na isiyo na mwembe mkubwa pembeni. Ni safari fupi, na naamini kwa familia nyingi za jiji hili ndiyo safari sahihi.

Gari litazamwe siku mbili kabla. Jaza tangi mapema, kwa sababu taarifa ikishatoka sheli zinakuwa na foleni, na umeme ukikatika pampu nazo zinasimama mpaka jenereta iwashwe. Angalia waipa, breki, taa zote, betri, upepo wa matairi pamoja na spea, na uhakikishe jeki na spana ya magurudumu vipo kwenye buti. Muhimu kuliko vyote hivyo ni uamuzi ambao dereva aufanye akiwa bado nyumbani, mbele ya familia: hatutapita kwenye maji yanayotembea juu ya barabara. Maji ya sentimita 30, chini ya goti, yanaweza kuliinua gari dogo, na ya sentimita 60 huyabeba magari mengi. Chini ya maji yale huenda kalavati limeshaondoka, na hakuna anayeweza kuona. Ukiona lori limepita, wewe si lori. Geuza, nenda mji wa nyuma ulioupita, lala hapo.

Vitu vya kubeba ni vichache. Dawa za anayetumia kila siku, za wiki mbili. Vitambulisho vya NIDA, kadi za bima ya afya, kadi ya kliniki ya mtoto, vyeti na hati, vyote kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Pesa taslimu za noti ndogondogo, maana mtandao ukianguka wakala hana la kukusaidia. Maji ya kunywa, viazi vya kuchemsha, karanga, ndizi. Tochi, simu zilizojaa chaji. Usijaze gari televisheni na magodoro ukakosa nafasi ya bibi wa jirani.

Huyo bibi nimemtaja makusudi. Wengi Dar hawana gari. Kabla ya kuondoka, piga hodi kwa jirani mzee au mama mwenye kichanga, umuulize ana mahali pa kwenda. Kama kuna kiti, mpe. Kama hakuna, msaidie afike stendi ya Mbezi au kwenye reli ya mwendokasi wakati usafiri bado upo.

Wapigie wenyeji kabla, na usiwafiche idadi. Mwambie baba mdogo, “Shikamoo baba, tunakuja watu saba, na unga tunakuja nao.” Atapanga pa kulala, atakwambia pia kama kijito cha karibu na kwake kimeanza kujaa. Mkubaliane mtu mmoja tu wa kupokea habari za safari, umpigie ukifika Chalinze, kisha Morogoro. Asipopata simu kwa muda mliokubaliana, aulize polisi kwa namba 112 badala ya kuwasha gari kuja kuwatafuta.

Nyumbani, zima mein swichi, funga mtungi wa gesi, inua juu ya meza kila kitu kinachoogopa maji, ingiza ndani ndoo, viti na mabati yaliyolegea, kwa sababu upepo huyarusha kwa nyumba ya mwenzako. Mwachie ufunguo mtu anayebaki.

Siku ya kurudi ngoja TMA itangaze kwamba hatari imepita, kisha ngoja tena usikie kuhusu madaraja, kwani mito hupanda hata baada ya mbingu kutakata. Ukikuta maji yaliingia ndani, usiguse swichi yoyote. Mwite fundi umeme akague nyaya na soketi, na chakula kilicholowa maji ya mafuriko kitupwe chote, hata kile kilichofungwa kwenye mifuko.