Kabla Hujaongeza Mkataba: Namna ya Kupanga Mahitaji ya Nyumbani na Wajibu wa Jeshi

Askari mwenye familia Arusha au Moshi anapokaribia mwisho wa mkataba wake hukabiliwa na maswali mawili kwa pamoja. La kwanza ni kama ataongeza mkataba. La pili, ambalo wengi hulisahau mpaka barua ya uhamisho itoke, ni wapi atautumikia. Nililitumikia jeshi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kujenga Usa River, na nimejifunza kwamba askari husikilizwa vizuri zaidi kabla hajatia sahihi, kwa kuwa akishatia sahihi amekwisha kukubali kwenda popote atakapopangiwa. Kwa hiyo maandalizi yaanze walau mwaka mmoja kabla ya mkataba kwisha.

Hatua ya kwanza ni kuusoma mkataba wenyewe. Wengi wetu tuliutia sahihi tukiwa vijana na hatukuufungua tena. Angalia tarehe ya kwisha, muda wa kutoa taarifa kama umetajwa, masharti yanayotokana na kozi ulizopelekwa, na maelezo kuhusu mafao. Usipoelewa jambo, muulize ofisa anayeshughulikia utumishi kikosini, wala usitegemee mazungumzo ya kantini, kwa sababu masharti ya mwenzako aliyeandikishwa mwaka mwingine huenda yasiwe yako. Kumbuka pia kwamba Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lililoanzishwa tarehe 1 Septemba 1964, ni jeshi la taifa zima na hupanga askari wake bila kujali walikozaliwa. Mzaliwa wa Rombo anayetumikia Monduli leo anaweza kuhitajika Mtwara kesho, na hakuna aliyemdhulumu.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo nzito kuliko zote, ni kikao cha nyumbani. Kaa na mwenza wako jioni moja ambayo hakuna mgeni, mchukue daftari, na mwandike kila jambo linalowafunga mahali mlipo. Kisha mlipime kila jambo kwa maswali matatu: je, linaweza kuhama nasi, linaweza kusubiri, au haliwezi kufanya lolote kati ya hayo mawili? Mtashangaa jinsi orodha inavyopungua. Nyumba inayojengwa Kisongo inaweza kusubiri kwenye renta, yaani kuta zikiwa zimefika usawa wa juu ya milango na madirisha. Kihamba, yaani shamba la ukoo, cha Machame au Kibosho kinaweza kutunzwa na ndugu, ilimradi mkubaliane mapema nani atavuna kahawa na nani atapokea fedha zake, maana ugomvi wa kihamba humfuata mtu hata akiwa mpakani. Biashara ya mama wa nyumbani katika soko la Kilombero ni jambo jingine, kwa sababu meza inaweza kuhamishwa lakini wateja waliozoeleka kwa miaka kumi hawahamishiki, na mume asiihesabu kuwa kitu kidogo.

Shule inahitaji kutazamwa kwa makini. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuhamia shule nyingine mwezi Januari bila madhara makubwa. Mtoto wa darasa la saba anayefanya mtihani wa taifa mwezi Septemba, au wa kidato cha nne anayefanya wake Novemba, amekwisha kusajiliwa katika kituo chake, na kumng'oa katikati ya mwaka ni kumwonea. Kwa mwenza aliye mtumishi wa umma, kama vile mwalimu au muuguzi, kumfuata mwenza ni sababu inayotambulika ya kuomba uhamisho, lakini maombi hayo huchukua muda mrefu, na anayeyaanza siku mume anapofunga begi amechelewa.

Mgonjwa ndiye sababu ngumu kupita zote. Katika mkataba wangu wa tatu nilitia sahihi bila kumweleza mkuu yeyote kwamba mama yangu alikuwa akihudhuria kliniki katika Hospitali ya KCMC, mjini Moshi, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka. Nilipopangiwa kusini, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka nyumbani, nikaomba nibaki. Niliulizwa kwa nini jalada langu halikuwa na karatasi hata moja kuhusu jambo hilo. Swali lilikuwa la haki, na sikuwa na jibu. Nilikwenda, na dada yangu akabeba mzigo ambao tungeweza kuugawana kama ningezungumza miezi minane kabla.

Hatua ya tatu, basi, ni barua. Iwe ya ukurasa mmoja, ipitie kwa kamanda wako wa karibu hadi kwa mkuu wa kikosi, na iambatanishwe na uthibitisho: barua ya daktari, barua ya mkuu wa shule, nakala ya cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Iandikwe kama ombi, isiwe sharti. Mfano wa maneno ninayoyapendekeza ni huu: «Nina nia ya kuendelea kulitumikia jeshi. Mtoto wangu wa kwanza atafanya mtihani wa kidato cha nne Novemba mwaka huu. Naomba, iwapo nitahamishwa, uhamisho wangu uzingatiwe baada ya mtihani huo, na niko tayari kutangulia peke yangu endapo mahitaji ya kazi hayataruhusu.» Barua hiyo inampa mkuu njia mbili za kukusaidia, ilhali barua inayosema tu «siwezi kuhama» haimpi hata moja. Tunza nakala yenye muhuri wa mapokezi. Usimtafute mkubwa wa makao makuu akupigie simu. Njia hiyo humdhalilisha kamanda wako, naye ndiye utakayemhitaji mwakani.

Ombi lililowasilishwa halisimamishi amri. Amri ikitoka kabla ya jibu, nenda, kisha ufuatilie ukiwa kituo kipya, kwa kuwa kutoripoti ni kosa la kijeshi. Yapo pia majukumu yasiyosubiri familia ya mtu, kama lile la mwaka 2013 ambapo askari wetu walipelekwa mashariki mwa Kongo chini ya Umoja wa Mataifa.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi: usichukue mkopo mrefu kabla hujajua utakuwa wapi, na piga hesabu ya mshahara mmoja kulisha majiko mawili.

Ukiona, baada ya yote hayo, kwamba mambo yasiyohamishika ni mengi kuliko unavyoweza kubeba, kutoongeza mkataba ni uamuzi wa heshima. Usiufanye kwa hasira ya uhamisho mmoja, na usiufanye kabla hujapata kwa maandishi hesabu ya mafao yako.

Ukiamua kuendelea na ukapangiwa mbali, mwachie mwenza bahasha yenye vyeti, namba ya jeshi, anwani ya kikosi kipya, pamoja na hati iliyoshuhudiwa na wakili inayompa mamlaka ya kusimamia mali mkiwa mbalimbali. Waeleze na ndugu kwamba kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, hivyo asije mtu kudai kwamba umemruhusu kwa simu. Mwisho, omba likizo yako ya kwanza iangukie Desemba kama kazi itaruhusu, wakati ukoo unapokutana nyumbani, na mlifungue tena lile daftari mkiwa wawili.