Kuunganisha kompyuta ya nyumbani na kigeuzi cha sauti

Muziki uliohifadhiwa ndani ya kompyuta bado si sauti, ni tarakimu. Katika CD, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1982, kila sekunde ya muziki huwekwa kwa vipimo 44,100 upande wa kushoto na vingine 44,100 upande wa kulia, na kila kipimo kina biti 16, yaani tarakimu 16 za sifuri au moja. Spika haijui kusoma tarakimu. Inahitaji umeme unaopanda na kushuka sawasawa na mawimbi ya sauti. Kazi hiyo hufanywa na kigeuzi, kifaa ambacho wauzaji hukiandika kwa herufi DAC. Kila kompyuta inacho kigeuzi chake kidogo, lakini kimebanwa kwenye bodi moja na prosesa na vifaa vingine vyenye makelele ya umeme, na ndiyo maana anayevaa hedifoni katika chumba kilichotulia husikia mkwaruzo mwembamba hata kabla ya wimbo kuanza. Kigeuzi cha pembeni huitoa kazi hiyo nje ya kompyuta, mradi kiunganishwe ipasavyo.

Vigeuzi vingi hutumia waya wa USB, na mara nyingi ni ule ule wa printa, wenye kichwa cha mraba upande mmoja. Mita moja au mbili zinatosha, na usizidishe mita 5. Uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, usipitishe kwenye kigawanyio chenye matundu mengi ambacho flashi na kipanya vimeshajaa. Sioni sababu ya kutumia fedha nyingi kwenye waya huu: maadamu ni mzima na haulegei, tarakimu zitafika, na fedha inayobaki itafaa zaidi kwenye spika.

Kutoka kwenye kigeuzi, peleka waya za RCA, zile zenye vichwa vya duara na pini katikati, kwenye amplifaya, nyekundu ikiwa ya kulia na nyeupe ya kushoto. Tumia tundu lililoandikwa AUX, CD au LINE. Usitumie kabisa lililoandikwa PHONO, kwa kuwa hilo limetengenezwa kwa ajili ya sindano ya santuri, ambayo umeme wake ni sehemu chache tu za elfu ya volti, ilhali kigeuzi hutoa takribani volti 2. Sauti itatoka imepasuka, na spika zinaweza kudhurika. Unapowasha, anza na kompyuta na kigeuzi, kisha amplifaya mwisho ikiwa imepunguzwa hadi sifuri. Unapozima, amplifaya iwe ya kwanza.

Tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2017, vigeuzi vingi hutambuliwa bila kuwekewa programu ya ziada, na ndivyo ilivyo kwa Linux na kompyuta za Apple. Fungua mipangilio ya sauti, ukichague kigeuzi kuwa kifaa cha kutolea sauti, kisha utazame kasi ya vipimo iliyowekwa. Mara nyingi utakuta 48,000. Ikiwa nyimbo zako nyingi zimetoka kwenye CD, weka 44,100 ili kompyuta isilazimike kuzikokotoa upya njiani. Njia bora zaidi ni kutumia programu ya muziki, kama foobar2000, na kuiruhusu itumie kigeuzi peke yake kwa njia ya WASAPI, yaani njia ya Windows ya kupeleka sauti kwenye kifaa, ili tarakimu zifike kama zilivyo. Sauti ya kompyuta iache juu kabisa, na upunguzie kwenye amplifaya.

Linalowasumbua watu kuliko yote ni mngurumo. Lilinikuta mimi mwenyewe nyumbani Shangani, hapa Mtwara: muziki ulisikika vizuri, lakini kila wimbo ulipokwisha spika zilibaki zikinguruma kwa sauti nzito isiyokatika. Nilibadilisha waya za RCA mara mbili bila mafanikio, hadi nilipochomoa chaja ya kompyuta mpakato ili niihamishe, na mngurumo ukakatika papo hapo. Chanzo chake ni kwamba kompyuta na amplifaya zilikuwa zimechomekwa kwenye soketi mbili tofauti, kila moja na njia yake ya ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja, na waya wa sauti ukaziunganisha njia hizo kuwa duara. Umeme mdogo huzunguka katika duara hilo kwa mdundo wa mara 50 kwa sekunde, ambao ndio mdundo wa umeme wetu wa majumbani, na amplifaya huukuza pamoja na muziki. Kwa hiyo jaribio la kwanza liwe hilo: endesha kompyuta kwa betri, usikilize. Mngurumo ukiisha, chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi. Ukiendelea, na kompyuta yako ina tundu la waya wa mwanga, tumia huo, kwa sababu mwanga haubebi umeme. Vipo pia vitenganishi vya USB, vifaa vinavyopitisha tarakimu huku vikikata njia ya umeme kati ya kompyuta na kigeuzi, lakini vingi vya bei ndogo hupitisha megabiti 12 tu kwa sekunde, na vigeuzi vingi vya leo vinahitaji 480. Soma maelezo kabla hujalipa. Ukishauriwa kukata pini ya ethi, kataa. Ni kweli mngurumo unaweza kuisha, lakini pini hiyo ndiyo inayokulinda siku ambayo umeme utavuja hadi kwenye bati la amplifaya.

Sisi tunaoishi karibu na bahari, kuanzia Lindi hadi Mikindani, tuna adui mwingine, nayo ni chumvi ya hewani. Upande mmoja wa spika ukianza kukatika, chomoa waya wa RCA uutazame kwenye mwanga: pete ya nje huwa imefifia, na mara nyingine utaona unga wa kijani umeshika kwenye shaba. Zima vifaa vyote, futa kwa kitambaa kilicholowa spiriti kidogo, acha ikauke kabisa, kisha urudishe kichwa cha waya ukikizungusha kidogo ili chuma kigusane na chuma. Mimi hufanya hivyo kila baada ya miezi michache, hata pasipokuwa na tatizo. Katika miezi ya mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, chomoa vifaa ukutani mara usikiapo ngurumo za radi, kwa sababu kubonyeza swichi peke yake hakutoshi. Na ukitaka kukifunika kigeuzi usiku, tumia kitambaa cha pamba, tena kikiwa kimeshapoa; mfuko wa plastiki huufungia unyevu humo ndani.