Kabla Hujawasha Pampu: Kusafisha Ardhi na Maji Yenye Sumu za Kiwandani

Ukiitwa kusafisha kiwanja kilichomwagwa taka za sumu, utakuta watu wana haraka ya mashine. Wanataka tingatinga lichimbe na pampu ingurume ili ionekane kazi inafanyika. Mimi naanza na walio jirani: nani anakunywa maji ya kisima hapa? Huyo apatiwe maji mengine leo, kabla ya majibu ya maabara. Wala asidanganywe kwamba kuchemsha kunatosha. Metali kama risasi na kromiamu hazifi kwa moto, na maji yakipungua sufuriani zinazidi kukolea.

Pili, nitafutieni mzee aliyewahi kufanya kazi pale. Tunazunguka naye na karatasi mkononi: mapipa yalipangwa wapi, maji ya kuoshea vyuma yaliingia shimo gani, tangi la chini liliwahi kuvuja? Maelezo yake huepusha kuchimba kwa kubahatisha.

Sasa tafuta maji yanaelekea wapi. Chimba visima vya uchunguzi visivyopungua vitatu, vikae pembetatu, si kwenye mstari mmoja. Tia alama kwenye mdomo wa kila bomba, mpimaji atoe kimo cha alama hiyo, kisha pima kina cha maji katika visima vyote siku hiyohiyo. Kimo ukitoa kina unapata usawa wa maji, nayo hutoka usawa wa juu kwenda wa chini. Usitegemee mteremko unaouona kwa macho. Mara nyingine hukupotosha. Ongeza kisima upande yanakotoka kiwe cha kulinganishia, na vingine upande yanakokwenda. Nafasi kati ya bomba na ukuta wa shimo izibwe kwa bentonaiti, yaani mfinyanzi unaovimba ukilowa. Tabaka la mfinyanzi lililokuwa likiizuia sumu, ukilitoboa ovyo umemfungulia mwizi mlango.

Kina cha kisima kinategemea unachokitafuta. Petroli na dizeli huelea juu ya maji. Trikloroethilini, inayotumika kuondoa grisi kwenye vyuma, ina uzito wa karibu kilo moja na nusu kwa lita. Huzama hadi ikutane na tabaka lisilopitisha maji, ikakaa hapo ikiyeyuka kidogo kidogo kwa miongo ya miaka. Kisima kifupi kitakuambia pako salama. Nchini Marekani maji ya kunywa hayaruhusiwi kuzidisha mikrogramu 5 za kemikali hiyo kwa lita, maana yake gramu moja tu inatosha kufikisha lita 200,000 kwenye kikomo hicho.

Kuchukua sampuli ndiko wengi wanakoharibu. Usitumbukize ndoo. Vuta maji taratibu kwa pampu ndogo hadi pH (kipimo cha uchachu), oksijeni na upitishaji wa umeme vitulie. Kwa kemikali zinazoruka hewani, tumia kichupa cha mililita 40: jaza bila kububujisha hadi maji yatune juu ya mdomo, funga, kipindue, kigonge kidogo kwa kidole. Ukiona kiputo, anza upya, kwa sababu kemikali inahamia humo. Weka kwenye barafu, lakini sampuli isigande.

Ndipo uondoe chanzo. Udongo wenye risasi unachimbwa ukiwa umeloweshwa kuzuia vumbi, unafunikwa, unapelekwa kwenye dampo lenye kibali cha taka hatarishi. Unaweza pia kuuchanganya na saruji, ila hapo sumu umeifunga tu, hujaiondoa. Iandikwe kwenye hati za kiwanja. Viyeyusho kama trikloroethilini vilivyo juu ya usawa wa maji huvutwa kama mvuke kwa mabomba, mvuke ukapitishwa kwenye mkaa maalumu.

Pampu je? Naitumia kuzuia sumu isisogee kwenye visima vya watu. Kwa kusafisha, mara nyingi hukatisha tamaa: vipimo hushuka, ukiizima vinapanda tena, maana mfinyanzi unaachia sumu uliyofyonza. Trikloroethilini huvunjwa palepale chini kwa pamanganeti (kemikali inayoioksidisha), kwa ukuta wa chembe za chuma, au kwa bakteria wa jenasi Dehalococcoides. Ukitumia bakteria, pima kloridi ya vinili pia. Huzaliwa njiani, husababisha saratani, na kazi haijaisha mpaka igeuke ethilini. Kromiamu 6, aina yake yenye sumu kali, nayo hutulizwa kwa salfeti ya feri (chumvi ya chuma) ikawa kromiamu 3, isiyo na ukali huo. Lakini angalia kama trikloroethilini na kromiamu zote mbili zipo kiwanjani: pamanganeti inaweza kuirudisha kromiamu 3 kuwa 6. Jaribu kwanza maabara kwa udongo wa palepale.

Mitambo ikizimwa, endelea kupima msimu wa mvua na wa kiangazi. Maji yakipanda hugusa udongo uliokuwa mkavu, na mabaki yakaonekana upya. Kisima kisichohitajika tena kizibwe kwa saruji na bentonaiti kuanzia chini kwenda juu, si kufukiwa kwa kifusi.